Kadi ya Sayari ya Tisa

Muhuri ulikuwa mwekundu, tena uligongwa kwa nguvu hadi wino ukapenya upande wa pili wa karatasi. HAIKUTOKEA. Ulikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa sura ya kumi na tisa, ukawa kwenye wa pili, wa tatu, na kuendelea hivyo mpaka wa kumi na nne. Mwandishi alizipitia kurasa zote akiwa amesimama jikoni kwa dada yake, chai ikimpoa mkononi. Alipofika wa mwisho alivaa viatu bila kusema neno.

"Twende sasa hivi," alimwambia dada yake. "Tunapita ofisini kwake kwanza."

"Ofisini kwake kufanya nini? Kwa wakili ni saa sita."

"Kabla ya saa sita nitakuwa nimeshamaliza naye."

Saa nne ya asubuhi, basi, ndiyo hiyo anapanda ngazi za jengo la kampuni, bahasha kwapani, damu inamchemka. Dada mkubwa kabaki chini garini, kioo kimeshushwa, uso umekunjwa. Kwenye kiti cha nyuma kuna masanduku mawili, na juu yake faili lenye karatasi za talaka, bado hazijasainiwa.

Jamani, kuna watu duniani ambao kazi yao ni kuandika riwaya za mhalifu wa televisheni, na mwandishi wetu alikuwa mmoja wao. Ilikuwepo tamthilia ya vita vya anga, iliyoonyeshwa miaka kumi na minne mfululizo, na ndani yake lilikuwepo jitu la barakoa na glavu za chuma, Mtawala wa Majivu, lililochoma sayari tatu na watu wake bila kupepesa macho. Watazamaji walimpenda shetani huyo kuliko mashujaa wote, kwa hiyo kampuni ikaamua atolewe na vitabu vyake. Ofisini walimwita Mzee Majivu, utadhani ni mjomba wa mtu. Na yeye aliyemwandikia riwaya tano wakamwita Mama Majivu, jina alilolicheka kila siku, mpaka siku aliyorudi kutoka hospitali mikono mitupu. Tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwita Mama chochote.

Huko juu orofa ya tatu alikaa Bwana Kadi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichotokea kimetokea. Ikiwa Mzee Majivu alikatwa kidole katika msimu wa tatu, basi asije akakinyoosha kidole hichohicho katika riwaya ya msimu wa kumi, maana mashabiki hawana huruma, wanaandika barua za kurasa sita. Kompyuta zilikwisha kupoteza kila kitu mara mbili, naye akaapa hatazitegemea tena. Aliweka yote kwenye kadi, na kadi kwenye droo, na droo kwenye makabati ya mbao yaliyofunika kuta zote nne mpaka dirisha likabaki kipande.

Na Bwana Kadi alikuwa mume wake. Alikuwa bado, mpaka saa sita.

Mlango ulikuwa wazi. Alimkuta ameinamia meza, shati lilelile la mistari, kifungo cha pili hakipo. Alikonda, masikini, mpaka mifupa ya mabega ilionekana. Mkono wa mwandishi ulitaka kwenda wenyewe pale palipokosa kifungo, akauzuia. Moyo huu haujui aibu, alijisemea. Unapigwa na bado unataka kushona vifungo.

"Umekuja," Bwana Kadi akasema, akainuka nusu.

"Sikuja kwako. Nimekuja kwa mtunza kadi."

"Basi karibu. Kaa."

"Sikai." Akaibwaga bahasha mezani. "Kurasa kumi na nne umezigonga zote, hata moja hukubakisha. Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Inapingana na kadi."

"Kadi gani?"

Hakuhitaji kutafuta. Alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akavuta droo, akatoa kadi ya manjano iliyochakaa pembe. Akaisoma kwa sauti ya kazi, ile isiyokuwa na mtu ndani yake. "Msimu wa pili, kipindi cha nane. Mtawala wa Majivu hajawahi kubeba mtoto."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe, mbele ya majeshi yake. Mikono hii haijawahi kubeba mtoto. Watu wanaijua kwa moyo. Wameichapa kwenye fulana."

"Kwa hiyo alisema."

"Alisema."

"Tulimwona hajabeba, au alisema tu?"

Bwana Kadi akaigeuza kadi, akaigeuza tena. Ukutani, kwenye msumari, ilining'inia barakoa ya kwanza kabisa ya Mzee Majivu, imepasuka shavuni, na ndani yake Bwana Kadi amechomeka mwavuli. Mwandishi aliitazama barakoa kwa sababu kumtazama mumewe kulimshinda.

"Wewe ndiye uliyenifundisha," akasema. "Mwaka wangu wa kwanza, kwenye kiti hichohicho, ukinitazama midomo badala ya kutazama kadi. Ulisema kilichoonekana kinakwenda kwenye kadi ya manjano. Kilichosemwa tu kinakwenda kwenye nyeupe, kwa sababu mtu anaweza kusema uongo. Hata mhalifu. Sana sana mhalifu. Sasa mbona hii ni ya manjano?"

"Niliiandika wiki yangu ya kwanza kazini. Nilikuwa mgeni."

"Ulikosea."

"Nilikosea."

"Haya, irekebishe. Toa nyeupe, andika alisema, na uniachie sura yangu. Mitambo inaanza kuchapa leo alasiri."

Ilikuwa kazi ya nusu dakika. Mrundo wa kadi nyeupe ulikuwa kando ya kiwiko chake. Lakini Bwana Kadi hakuugusa.

"Siwezi," akasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Toa sura hiyo, nakuomba. Mengine yote nimeyapitisha. Kitabu kizuri, pengine kuliko vyote ulivyoandika. Itoe hiyo moja tu."

Hapo ndipo mwandishi alipokaa, bila kukaribishwa tena.

"Unajua kwa nini niliiandika?"

"Nadhani najua."

"Huna unalolijua, acha nikwambie. Siku ile nimezinduka, mdomo umenikauka, sindano bado iko mkononi, nakuuliza mtoto yuko wapi. Unaniambia alizaliwa amekufa na wameshamzika. Nikasema sawa, Mungu kapenda. Nikakuuliza swali moja tu. Ulimbeba? Ukanijibu nini?"

"Nikasema sikumbeba."

"Ukasema sikuweza. Ukaangalia ukutani, ukasema sikuweza." Chozi likamlenga, akalifuta kwa kiganja kama mtu anayefukuza nzi. "Mwanangu katoka duniani hakuna aliyemshika isipokuwa manesi. Mama yake hana fahamu, baba yake anaogopa. Miaka miwili namtafuta mtu wa kumbeba. Nikampata huyo." Akaionyesha barakoa kwa kidole. "Amechoma sayari tatu, lakini mkunga alipotoka na kile kifurushi alivua glavu zake, akampokea, akakaa naye kwenye ngazi mpaka mtoto akapoa. Mhalifu, Bwana Kadi! Umeshindwa na mhalifu! Halafu hata huyo unanigongea muhuri kwamba haikutokea!"

Sauti yake ilisikika mpaka ukumbini, na mashine ya kuchapa ya chumba cha pili ikanyamaza. Bwana Kadi alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Hiyo ya ngazi," akasema polepole. "Umeitoa wapi?"

"Ngazi gani?"

"Umeandika alikaa kwenye ngazi ya tatu kutoka chini, akamfunika kwa joho lake. Nani alikuambia?"

"Aniambie nani? Kichwani mwangu. Ndiyo kazi yangu, hujui?"

Bwana Kadi alimtazama kama mtu anayetafuta uongo asiuone. Kisha akavuta kadi moja nyeupe, akaiweka mbele yake, akachukua kalamu.

"Sawa," akasema. "Nikihamisha, lazima niandike sababu. Mashabiki watauliza. Kwa nini mtu aseme hajabeba mtoto, na kumbe amebeba?"

Kumbe ndivyo walivyopendana, watu hawa wawili. Si kwa matembezi wala kwa maua, bali kwa maswali ya namna hii. Huyu anauliza, huyu anajibu, mpaka chai inapoa na watu wa usafi wanawafukuza. Mazoea ni kitu kibaya. Mwandishi alisahau kuwa amekasirika, akafumba macho, akajibu kama zamani.

"Alisema kwa ajili ya mkewe. Wale wanajeshi walikuwa wanasikiliza tu."

"Eleza."

"Mkewe alikuwa hana fahamu, siku mbili. Alipozinduka, mtoto keshazikwa, hakumwona hata ukucha. Sasa mtu kama huyo utamwambia nini? Utamwambia mimi nilimbeba, nilimwona uso, wewe ndiyo basi tena? Atakufa kwa wivu kabla ya kufa kwa uchungu. Kwa hiyo akasema hakumbeba. Ili wawe sawa. Ili asiwe na kitu ambacho mkewe hana. Akishasema kwa mkewe, inabidi aseme hivyohivyo kwa dunia nzima, maana hata wanajeshi wana midomo, na..."

Akaishia hapo. Macho aliyafumbua.

Bwana Kadi alikuwa analia bila sauti, kalamu bado mkononi, na machozi yanadondokea kadi nyeupe ambayo hakuwa ameiandika kitu.

"Wewe," mwandishi akasema. Halafu tena, chini kabisa, "Wewe mwanaume."

Bwana Kadi alisimama, akaenda kwenye kabati la kona, lile lililoandikwa Sayari ya Tisa. Mwandishi alilijua. Sayari ya Tisa ilikuwa hadithi iliyopangwa zamani halafu ikafutwa. Haikupigwa picha hata siku moja, haikuingia kitabuni, na hakuna mtu aliyekuwa na sababu ya kufungua droo ile. Ilikuwa imekwama kwa kukaa. Aliivuta kwa mikono miwili, akatoa kadi moja. Ilikuwa peke yake humo ndani.

Ilikuwa ya manjano.

Mwandishi aliipokea. Yalikuwa maandishi yake Bwana Kadi, madogo, yaliyonyooka, ya mtu asiyetaka kukosea.

*Mtoto wa kike. Kilo mbili na robo. Nywele nyingi, nyeusi, zimelala upande mmoja. Alama ndogo nyuma ya sikio la kushoto. Alipokelewa na baba yake saa tatu na dakika ishirini asubuhi, ngazi za nyuma za wodi, ngazi ya tatu kutoka chini. Alikaa naye saa moja. Alikuwa hai dakika kumi na moja.*

Chini yake, muhuri wa kijani ambao Bwana Kadi hautumii ovyo. ILITOKEA.

Alisoma mstari wa mwisho. Akaurudia, na kuurudia tena.

"Dakika kumi na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Ulisema alizaliwa amekufa."

"Nilisema."

"Alikuwa hai."

"Alikuwa hai. Walimtoa akiwa hai, akakataa kupumua vizuri. Walijaribu. Halafu nesi akanitazama, akaniuliza kama nataka kukaa naye, kwa sababu hapakuwa na lingine la kufanya. Nikavua koti, nikamfunika."

"Lile koti la kahawia."

"Sikulisahau kwenye basi kama nilivyokuambia. Amezikwa nalo."

Mwandishi aliinama, akashika tumbo kwa mkono mmoja, kadi mkono wa pili. Sauti ilimtoka ndogo na kavu.

"Miaka miwili ninalala nikijua nilibeba maiti. Unajua hilo ni jambo gani? Nilijiona jeneza. Siku nikioga nilikuwa siutazami mwili wangu. Nilisema mwili huu uliua kitu ndani yake na mimi sikujua, nilikuwa natembea, nacheka, naandika ujinga wa sayari. Kumbe nilizaa mtoto aliye hai. Nilizaa, na ukaninyang'anya."

"Mama alisema..."

"Aa! Mama yako tena!"

"Alisema ukijua alikuwa hai, utajiuliza mpaka kaburini kwa nini hukuzinduka mapema. Alisema mtoto aliyekufa tumboni mtu humlilia akamaliza. Daktari alikuwa bado hajui kama wewe utapona. Nilikuwa nimetoka kumpa mchimba kaburi mtoto wangu, sikuwa na akili. Nikasema sawa." Akaisukuma kando ile kadi nyeupe iliyolowa. "Lakini sisemi ni yeye. Ulimi ni wangu. Halafu ukaniuliza kama nilimbeba, na nikakuona ulivyokuwa unatazama mikono yangu. Ningesema ndiyo, ungeitamani hiyo mikono mpaka uikate."

"Ningeibusu, mpumbavu wewe," mwandishi akasema. "Ningeinusa kila siku."

Bwana Kadi akaangua kilio waziwazi, kile cha wanaume ambao hawajazoea, kinachotoka kwa vipande. Akanyoosha mkono kuvuka meza. Mwandishi akarudi nyuma.

"Usinishike."

"Nisamehe."

"Usiniambie hivyo leo. Leo usithubutu." Akasimama, kadi ameibana kifuani. "Sura yangu ichape au ifute, shauri yako. Hii naondoka nayo."

Alishuka ngazi bila kuziona. Orofa ya pili alilazimika kusimama, akaegemea ukuta, akaisoma tena, maana alianza kuogopa kwamba maneno yatakuwa yamebadilika. Hayakubadilika. Zimelala upande mmoja. Alizishika nywele zake mwenyewe, pale mbele, ambapo tangu utotoni zilikataa chanuo na kulala upande mmoja.

Nje jua lilikuwa limewaka sana. Dada mkubwa alimfungulia mlango wa gari kwa ndani.

"Umekawia mno. Tukikuta foleni tumekwisha. Amekusumbua? Nilikuambia usipande. Mwanaume yule ni wa makaratasi, anajua kuandika tu, kuishi hajui. Ingia basi."

Mwandishi hakuingia. Aliinama kwenye dirisha.

"Dada. Mwanangu alizaliwa akiwa hai?"

Mkono wa dada mkubwa uliokuwa unageuza ufunguo ulisimama.

"Nani kakuambia?"

Basi. Hapo lilikwisha swali lake, maana asiyejua huuliza unasema nini. Huyu kauliza nani kakuambia.

"Ulijua," mwandishi akasema.

"Mdogo wangu, ulikuwa na hali mbaya sana. Wewe hujijui ulivyokuwa. Tulikaa pale ukumbini, mimi, na mama mkwe wako, na mama akiwa kwenye simu, tukakubaliana. Wote. Ilikuwa kwa faida yako."

"Miezi mitano nimelala nyumbani kwako. Kila siku namsema yule mwanaume kwamba hakumbeba mtoto wangu, na wewe unaniunga mkono. Ulijua alimbeba."

"Nilimwona ameketi kule kwenye ngazi, ndiyo." Dada mkubwa alianza kulia na yeye, na kilio chake kilikuwa cha kweli, hakuwa mtu mbaya. "Ningesemaje? Ningeanzia wapi? Nilitaka tu uondoke kwenye ile nyumba uanze upya."

"Ulimwona usoni?"

"Nani?"

"Mtoto."

"Nilipita mlangoni mara moja."

"Alikuwa na nywele?"

Dada mkubwa alifumbua mdomo. Alijaribu, na mdogo wake alimwona anavyojaribu, anavyorudi kwenye ukumbi ule na kutazama.

"Sikumbuki," akasema. "Nisamehe. Kwa kweli sikumbuki, mdogo wangu. Alikuwa amefunikwa."

Gari lililokuwa nyuma lilipiga honi likitaka kupita. Mwandishi alisimama wima. Watu wanne walikuwa wamejua, na wanne walikuwa wamemdanganya, na wote walimpenda. Hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwamba hakuna hata mmoja aliyefanya kwa ubaya. Lakini kati ya wote hao ni mmoja tu aliyerudi akatafuta kalamu. Wengine walimwacha mtoto apotee vichwani mwao, wakaendelea kununua vitunguu na kulalamikia foleni. Yule wa makaratasi alikwenda akavuta droo ya sayari isiyokuwepo, akamwandikia kila kitu, mpaka alama nyuma ya sikio. Akamgongea na muhuri.

"Mwambie wakili asisubiri," akasema.

"Unarudi kwake? Baada ya hilo?"

"Sirudi kwake. Napanda juu."

"Tofauti ni nini?"

Mwandishi alifikiri. "Sijui bado," akasema, akamwacha.

Alipofika mlangoni, Bwana Kadi hakumsikia. Alikuwa na sura ya kumi na tisa mbele yake. Ile kadi ya msimu wa pili ilikuwa imechanwa vipande kwenye pipa, na pembeni palikuwa na nyeupe mpya, wino haujakauka: *Mtawala wa Majivu asema hajawahi kubeba mtoto. Ni kauli. Sababu: mkewe.* Alikuwa anachukua ukurasa mmoja mmoja, anagonga muhuri wa kijani kando ya ule mwekundu, anapuliza, anageuza. Alikuwa amefika ukurasa wa tisa, na pua inamtiririka kama mtoto.

Mwandishi alivuta kiti. Bwana Kadi alishtuka, muhuri ukamponyoka ukabiringika mpaka chini ya kabati. Hakuna aliyeuokota.

"Sijakusamehe," mwandishi akasema.

"Najua."

"Huenda nisikusamehe maisha yangu yote. Karatasi za wakili ziko garini, na kesho zitakuwepo bado. Usije ukanielewa vibaya."

"Sikuelewi vibaya."

"Kadi yako ina kosa."

Aliiweka mezani kati yao. Bwana Kadi aliinama juu yake kwa hofu, kwa mazoea ya miaka, akitafuta kosa.

"Kosa gani? Nimeandika kila kitu."

"Umeandika dakika kumi na moja kwa mstari mmoja." Alichukua mrundo wa kadi za manjano upande wa pili wa meza, akahesabu kumi na moja, akazisawazisha kwa kuzigonga mezani. Mumewe akamnyooshea kalamu, na vidole vyao viligusana, na hakuharakisha kuviondoa. Vilikuwa vidole vya kawaida vyenye madoa ya wino. Vilikuwa vimemshika mwanawe. Alivitazama mpaka vikamwingia machoni.

"Mimi naandika," akasema, "wewe unasema. Dakika moja, kadi moja. Usitie chumvi, usipunguze, na usinionee huruma. Ukinionea huruma naondoka."

"Mengine yatakuumiza."

"Yaniumize. Ni yangu."

Bwana Kadi alifuta uso kwa mkono wa shati. Alitazama dirisha, kile kipande kilichobaki kati ya makabati, akatafuta mahali pa kuanzia. Mwandishi aliandika juu ya kadi ya kwanza namba moja, akasubiri.

"Dakika ya kwanza," Bwana Kadi akasema, "alipiga chafya."